Hati, Nishani na Ufagio: Askari na Wapagazi wa Afrika Mashariki Wakidai Haki Yao

Askari anayemaliza utumishi wake hubaki na madai mawili juu ya serikali aliyoipigania: kulipwa stahili zake, na kutambuliwa kwamba ndiye aliyetumika. Dai la pili hulitangulia la kwanza, kwa sababu kiinua mgongo, yaani fedha zitolewazo kwa mkupuo mtu anapoacha kazi, pamoja na pensheni na msamaha wa kodi, vyote humpita mtu asiye na kitu cha kuthibitisha kuwa aliwahi kuvaa sare. Katika Afrika Mashariki ya karne ya 20 uthibitisho huo ulitolewa kwa upendeleo na kwa uchache, na hao hao watawala waliomjua Mwafrika kwa jina, kabila na alama za vidole walipotaka kumtoza kodi au kumrudisha kazini walidai kuwa hajulikani pale alipokuja kudai chake.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki, hakuwa na haja kubwa ya karatasi ili atambuliwe. Alilipwa rupia 20 hadi 30 kwa mwezi, kiasi kilichompita mbali kibarua wa shambani, na aliishi karibu na boma pamoja na mke, watoto na watumishi wake, ambao walifuatana naye hata kwenye misafara ya vita. Alipostaafu, heshima ya boma ilimfuata: baadhi ya askari wa zamani walipewa kazi za upolisi, ujumbe au uakida, akida akiwa mtawala mdogo aliyesimamia kodi na kesi za vijiji kadhaa. Stahili hizo zilitegemea kufahamika. Ofisa wa Kijerumani alimjua mtu wake kwa sura, na wanakijiji walimjua kwa woga, kwa kuwa wengi walikumbuka alichokifanya wakati wa Maji Maji, uasi dhidi ya utawala wa Wajerumani.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliuvunja utaratibu huo. Meli za Waingereza zilipofunga njia ya bahari, sarafu ziliadimika na utawala wa Kijerumani ukaanza kuchapisha noti zake humo humo kolonini, noti ambazo baada ya vita hazikuwa na thamani yoyote. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 1,000 ambao hawakuwa wamelipwa kwa muda mrefu. Inaelezwa kuwa aliwapa hati zilizoonyesha malimbikizo ya mishahara yao, kisha wakapelekwa kizuizini Tabora wakati homa kali ya mafua ya mwaka huo ikiwaua wengi njiani. Hati hizo zilidaiwa kwa serikali iliyoshindwa, katika nchi iliyokwisha kuchukuliwa na adui, na mwenye hati alipaswa kuitunza mahali ambapo mchwa, mvua na moto wa nyasi huharibu karatasi haraka kuliko vile madeni ya dola yanavyolipwa.

Upande wa Waingereza, tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa sababu waliodai walikuwa wengi zaidi. Mbali na kikosi cha King's African Rifles, ambacho watu walizoea kukiita Keya, jeshi la Waingereza lilikusanya mamia ya maelfu ya wapagazi, wengi wao kwa kulazimishwa, wabebe risasi, unga na majeruhi katika nchi ambayo mbung'o waliwaua punda na ng'ombe wa mizigo. Kambi za wapagazi hao ndizo zilizoacha jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanawaweka waliokufa kwenye zaidi ya 90,000, wengi wao wakiuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Oscar Watkins, ofisa aliyesimamia idara ya wapagazi, alijaribu kuweka orodha na kuwapa watu vibati vya chuma vyenye namba, lakini majina yaliandikwa kama karani alivyoyasikia, na mtu aliyehamishwa kutoka msafara mmoja hadi mwingine aliweza kupotea katika vitabu kabla hajapotea porini. Fedha za wapagazi waliokufa zilibaki katika hesabu za serikali bila kuwafikia warithi, na hoja iliyotolewa tena na tena ni kwamba warithi hao ni vigumu kuwatafuta.

Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama isingetolewa katika miaka ile ile ambayo serikali ya Kenya ilikuwa ikijenga mfumo wa kumtafuta kila mwanamume Mwafrika. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, lakini ilianza kutekelezwa vita vilipokwisha, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande, karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake na mshahara aliolipwa, nayo ilikaa ndani ya kikasha cha chuma ambacho wengi walikining'iniza shingoni kwa kamba. Aliyetoroka kazi ya mlowezi alifuatiliwa kwa alama hizo hadi kijijini kwao na kushtakiwa. Askari aliyerudi kutoka vitani akiwa na hati ya kuachishwa jeshini alilazimika kubeba na kipande pia, na kati ya vyeti hivyo viwili, kile ambacho polisi walikiuliza barabarani kilikuwa cha kumdhibiti, si cha kumshukuru. Malalamiko dhidi ya kipande na kodi yalichangia sana upinzani uliomfanya kiongozi wake, Harry Thuku, akamatwe mwezi Machi 1922.

Wakati huo huo, mwaka 1919, serikali iliendesha mpango wa kuwapa ardhi askari waliopigana vita, na mashamba yaligawiwa kwa bahati nasibu jijini Nairobi. Walionufaika walikuwa wanajeshi wa zamani wa asili ya Ulaya, hata waliotoka Uingereza bila kuwahi kuiona Kenya, ilhali askari wa Keya hakuwa na nafasi katika bahati nasibu hiyo, na baadhi ya ardhi iliyogawiwa, kama ile ya Wanandi, ilikuwa ya jamii zilizotoa askari na wapagazi. Mpango huo unaonyesha kuwa serikali ilielewa vizuri kwamba utumishi wa kijeshi huzaa deni, na kwamba ilichagua ni nani atakayehesabiwa kuwa mdai.

Vita Kuu ya Pili vilirudia mambo hayo kwa karatasi nyingi zaidi. Waafrika wa Kenya, Tanganyika na Uganda walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma, na kila mmoja alikuwa na namba ya jeshi, kitabu cha mshahara na, mwishoni, hati ya kuachishwa. Hata hivyo rekodi hizo zilikuwa na mitego yake. Maofisa waliyapendelea makabila waliyoyadhania kuwa ya kivita, hivyo baadhi ya vijana walijiandikisha kwa kabila au jina lisilo lao ili wakubaliwe, na miaka ilipopita jina la jeshini halikulingana na jina la kijijini. Nishani nazo hazikusaidia sana: nishani za vita vya kwanza walizotoa Waingereza ziliandikwa namba na jina la mwenyewe kwenye ukingo, lakini nyota walizotoa kwa vita vya pili kwa kawaida hazikuwa na jina, kiasi kwamba aliyeishika hakuweza kuthibitisha kwa hiyo peke yake kuwa ni yake. Askari wa kawaida wa Keya hakupewa pensheni ya maisha bali kiinua mgongo, na nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiasi chake kilipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akipata karibu theluthi moja ya alichopata Mzungu wa cheo hicho hicho.

Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani wa Schutztruppe waliokuwa hai. Simulizi iliyoenezwa na mwandishi Charles Miller katika kitabu chake cha mwaka 1974 inaeleza kuwa wazee wapatao 350 walifika mbele ya mlipaji aliyetumwa Mwanza, na kwamba wachache tu walikuwa bado na hati za 1918, wengine wakiwa na vipande vya sare kuukuu. Mlipaji alimwita kila mzee mbele, akampa ufagio uwe badala ya bunduki, akamwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya gwaride, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Simulizi hiyo hupendwa kama ushahidi wa utiifu usiokufa, lakini maana yake nyingine haisemwi mara kwa mara. Jaribio la ufagio lilimfaa yule tu aliyefundishwa kushika bunduki. Mpagazi aliyebeba mzinga kutoka Morogoro hadi mto Ruvuma, na mwanamke aliyempikia askari njia nzima, wasingekuwa na la kuonyesha, kwa maana utumishi wao haukuwa na amri za Kijerumani za kukariri.

Hatua za karne ya 21 zimebadilisha mwelekeo wa suala hili bila kulimaliza. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza takriban pauni milioni 12 za kuwasaidia maelfu ya askari wa zamani na wajane wanaoishi katika umaskini katika nchi za Jumuiya ya Madola, kiasi cha kuwawezesha kupata milo miwili kwa siku, msaada ambao ulihesabiwa kuwa hisani, si malipo ya deni. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, walikufa katika Vita Kuu ya Kwanza bila majina yao kuandikwa kwenye kumbukumbu, na tangu hapo utafutaji katika hifadhi za jeshi la Kenya umetoa majina ya zaidi ya watu 3,000. Majina hayo yalikuwa yameandikwa na kuwekwa tangu mwanzo. Kwa hiyo dai la muda mrefu kwamba Waafrika waliotumika hawakuweza kutambuliwa halina msingi kwa wengi wao: walichokosa ni mtu mwenye mamlaka aliyekuwa tayari kulifungua jalada kwa faida yao.