Gari la kwanza la mbio: anza na kizimba, injini isubiri

Kila Safari Rally inapopita Naivasha, vijana wetu wa Mombasa, Kilifi na Kwale hukusanyika mbele ya runinga, na siku chache baadaye utawasikia wakiulizana ni gereji gani inayoweza kuiongezea Subaru nguvu. Nguvu hiyo mara nyingi huishia barabara ya Malindi usiku wa manane, pasipo mkaguzi wala ambulensi, na matatu ikija upande wa pili. Makala haya ni ya kijana (na binti pia, tutafika huko) anayetaka kuingia mchezo huu kwa mlango wake: leseni mkononi, gari lililokaguliwa, na njia iliyofungwa kwa ajili ya mbio.

Pwani si wageni. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazee wetu wanakumbuka magari yakiingia Mombasa yakiwa yamefunikwa vumbi la Taru. Safari Classic ya magari ya zamani, iliyoanza 2003, imewahi kuanzia na kumalizikia hapa hapa. Hamu tunayo, ila maandalizi ndiyo hatuyajui, na hakuna aliyekaa chini akatueleza.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mwenye akiba yake huanza na turbo na bomba la moshi lenye kelele, akifika kwenye viti na mikanda mfuko umekauka. Mpango uwe kinyume. Kwanza nunua kinachokuhifadhi wewe na mwelekezi wako, kisha kinacholifikisha gari mwisho wa mbio. Injini ije nyuma kabisa, na kwa mbio za kwanza ibaki ilivyotoka kiwandani, mradi ni nzima.

Atakayebisha na aangalie Safari ya 1993. Subaru walileta Vivio, vigari vidogo vya injini ya cc 660, ambavyo mtu angedhani ni vya kwendea sokoni. Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia miaka miwili baadaye, hakumaliza na lake. Patrick Njiru wetu alilifikisha lake mwisho, nafasi ya 12. Na mwaka 1968 magari 93 yalianza Safari, yakamaliza saba tu. Kwa hivyo mgeni asione haya kuanza na gari dogo linalovutwa kwa magurudumu mawili. Vipuri vyake ni vya bei nafuu na fundi wa mtaani anamjua ndani nje. Likikosea kona, mara nyingi huwa halijafika kasi ya kuua.

Kabla hujagusa spana, tafuta kanuni za mwaka huu za Kenya Motor Sports Federation, chama kinachosimamia mchezo huu nchini chini ya FIA. Kanuni hubadilika. Kilichomfaa binamu yako miaka mitano iliyopita huenda leo kikakataliwa.

Sasa kizimba cha chuma, kile mafundi wanachokiita rolkeji. Hiki ndicho kinachoizuia paa isiwashukie gari linapobingirika. Kanuni za FIA zinataka chuma cha bomba kisicho na mshono, kilichovutwa baridi. Upinde mkuu nyuma ya viti uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa unene wa 2.0. Mabomba mengine yanaweza kuwa 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Kila mguu wa kizimba hukaa juu ya bamba la chuma la unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita 120 za mraba, na kama unafungwa kwa bolti, ziwe angalau tatu za M8. Hizi namba mpe fundi kwenye karatasi. Usimwambie tu "nitengenezee keji".

Nasema hivi kwa uchungu. Nimewahi kuona gari la rafiki yangu likirudishwa mlangoni pa ukaguzi. Kizimba kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu ya kupendeza, lakini mkaguzi alipopitisha kidole alikuta mstari wa mshono: lilikuwa bomba la maji, lile la kujengea tangi la nyumbani. Gereji ilikuwa imelipwa pesa zote, na kurudisha ikawa hadithi. Tangu siku hiyo namshauri kila mtu anunue chuma mwenyewe, abaki na risiti, na amlipe fundi kazi ya kuchomelea tu. Mwambie aache sehemu ndogo bila rangi ili mkaguzi apime.

Kwetu sisi kuna adui mwingine, chumvi. Gari lililokaa Mombasa miaka kumi huweza kung'aa juu huku sakafu yake imekwisha. Toa zulia lote, toa ile lami ya kuzuia kelele, gonga kwa nyundo kila kona. Kizimba kizuri kilichochomelewa juu ya bati lililooza kitatoboa sakafu siku ya ajali, na hapo ni heri usingekuwa nacho. Kata kilichooza, weka bati jipya, paka rangi ya zinki kabla ya kazi nyingine yoyote.

Viti na mikanda huenda pamoja. Kiti kiwe na nembo ya FIA, 8855-1999 au 8862-2009, na ile ya kwanza huhesabiwa miaka mitano tu tangu kutengenezwa. Kifungwe sehemu nne kwa bolti za milimita 8. Mkanda wa pointi sita una lebo inayotaja mwaka wa mwisho wa kutumika. Isome kabla ya kutoa pesa, kwa sababu mikanda mingi inayouzwa kwa mkono wa pili ni ile iliyokwisha muda huko Ulaya. Mkanda uliowahi kuwa kwenye ajali kubwa hautumiki tena, hata ukionekana mpya. Jua pia huuchosha, na jua letu unalijua. Gari likiegeshwa, lifunike. Mikanda ya mabega iende nyuma karibu sawa na usawa wa bega. Ikishuka mno kuelekea sakafuni, gari likipiga kwa mbele itakukandamiza uti wa mgongo.

Juu ya mabega hukaa kifaa cha HANS, kile kinachofungwa kwenye helmeti ili kichwa kisirushwe mbele na kuvunja shingo. Ni ghali, na wengi hujaribu kukikwepa. Mimi ningeuza rimu za gari kabla ya kukiacha. Helmeti yenyewe iwe ya magari, yenye nembo ya FIA na vishikio vya HANS. Ya bodaboda haifai hata ikiwa ya bei kubwa, maana kitambaa cha ndani hakikutengenezwa kustahimili moto. Na usiipake rangi wala kuibandika stika ovyo, kwani kuna rangi na gundi zinazoweza kudhoofisha ganda lake.

Nguo ndizo zitakazokupa shida hapa kwetu. Ovaroli ya tabaka kadhaa, fulana ya mikono mirefu ya ndani, suruali ya ndani, soksi, glovu, viatu na kitambaa cha kufunika kichwa na shingo, vyote vya kustahimili moto, katika joto la Mariakani adhuhuri! Jasho litakutoka hadi viatuni. Lakini usidanganyike ukavaa jezi ya mpira chini ya ovaroli kwa sababu ni nyepesi. Nailoni na poliesta huyeyuka zikapata ngozi. Kama huna cha ndani cha kustahimili moto, hujawa tayari. Kunywa maji tangu jana yake, usingoje kiu, na beba ya kutosha garini, yafungwe vizuri yasiruke.

Kwa akina dada ambao huambiwa mchezo huu hauendi na stara, angalieni orodha hiyo tena. Kila mshiriki, mume kwa mke, hufunikwa kichwa, shingo na mwili hadi kifundoni. Cha kuzingatia ni kwamba mtandio wa kawaida usibaki chini ya helmeti, kwa sababu ile ile ya nailoni. Marehemu Orie Rogo Manduli alishiriki Safari miaka ya 1970, na njia haijafungwa tangu hapo.

Moto ndio unaoogopwa zaidi kuliko kubingirika. Kanuni za FIA zinataka mfumo wa kuzimia moto uliofungwa garini, wenye midomo ya kupulizia injini na ndani, pamoja na mtungi wa mkononi unaofikiwa na wote wawili wakiwa wamefunga mikanda. Swichi kuu ya kukata umeme ifanye kazi kutoka ndani na kutoka nje, na ya nje iwekewe alama ya radi nyekundu katika pembetatu ya buluu. Betri ifungwe kwa chuma, isifungwe kwa kamba ya mpira. Mabomba ya mafuta na breki yapite mahali ambapo jiwe haliwezi kuyafikia. Kisha mfanye mazoezi: kaeni garini na helmeti, mikanda imefungwa, na mjifunze kutoka haraka, tena gizani. Visu viwili vya kukatia mikanda viwe karibu na mkono.

Chini ya gari, bamba la kukinga injini na giaboksi ni lazima. Jiwe moja la Kwale likitoboa bakuli la oili, mbio zimekwisha. Shokabsoba zitumie pesa unazotaka kuzimalizia kwenye turbo. Mafuta ya breki yabadilishwe yote kabla ya mbio, kwa kuwa hufyonza unyevu wa hewa, na hewa yetu imejaa unyevu. Yakipata joto la kona nyingi huchemka na pedali huzama hadi chini. Kichujio cha hewa kiwe kipya, na cha pili kiwe kwenye gari la mafundi. Matairi yawe ya njia ya vumbi, yenye kuta ngumu, na mjue kubadilisha tairi wawili bila kugombana nani alishika jeki.

Hapo ndipo anapoingia mwelekezi. Wengi humchukua rafiki yeyote mwepesi wa mwili. Mchukue anayejua kusoma saa na asiyetapika akisoma garini. Mbio hizi zina mikondo ya kasi kwenye njia iliyofungwa, na kati yake mnapita barabara ya umma, ambako sheria za trafiki, bima na namba za gari ni zile zile za kila mtu. Kila kituo cha saa mna dakika yenu. Kwa kanuni za kimataifa, kuchelewa dakika moja ni adhabu ya sekunde 10, lakini kuwahi dakika moja ni adhabu ya dakika nzima. Mgeni hupoteza nafasi kwa kuwahi!

Mkiharibikiwa ndani ya mkondo, pembetatu ya tahadhari iwekwe angalau mita 50 kabla ya gari. Kama hakuna aliyeumia, onyesheni kibao cha kijani cha OK kwa magari yasiyopungua matatu yanayofuata. Kama kuna aliyeumia, geuzeni upande mwekundu wa SOS mara moja. Atakayewaona analazimika kusimama, na siku moja mtakuwa nyinyi.

Wiki ya mwisho isiwe ya kazi mpya. Liendeshe gari kilomita nyingi na mzigo wote ndani, ulirudishe gereji, kaza kila bolti tena. Siku ya ukaguzi fika mapema, gari likiwa limeoshwa hadi chini, nguo zote za wawili zimetandazwa kwenye turubai ili lebo zisomeke, na risiti za chuma kwenye faili. Mkaguzi akikuta kasoro ndogo asubuhi, una mchana mzima wa kuirekebisha. Akiikuta saa kumi jioni, umesafiri bure na tena umelipa ada.