Fender au Gibson? Gitaa lililonivunjikia Ulaya, na ushauri kwa vijana wa Kilosa na Mikumi

Leo habari za halmashauri na barabara tunaziweka pembeni kidogo. Tuongelee magitaa.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mikumi alinipigia simu. Kazi yake ni kupakia na kushusha mizigo ya malori pale barabara kuu ya kwenda Zambia. Kadunduliza mwaka mzima, ana laki tano na nusu, anataka gitaa la umeme. Akaniuliza: "Kaka, nichukue la aina ya Fender au la aina ya Gibson? Maana nikikosea, sina hela nyingine." Nikaanza kumweleza, vocha ikamwishia. Nikaona bora niandike hapa, ili na wengine wenye swali hilo hilo wafaidike. Kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, shuka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho. Wenye saa nzima twende pole pole.

MAGITAA HAYA YALITOKEA WAPI?

Leo Fender alikuwa fundi redio kule Fullerton, California, Marekani. Gitaa lenyewe alikuwa hajui kupiga! Lakini wanamuziki walikuwa wanampelekea amplifaya zao kutengeneza, akawa anasikia malalamiko yao. Magitaa ya zamani yalikuwa na tumbo wazi, ukiongeza sauti yanapiga kelele. Mwaka 1950 akatoa gitaa la ubao mtupu usio na tumbo, ambalo mwaka 1951 lilikuja kupewa jina la Telecaster. Mwaka 1954 akatoa Stratocaster, lile lenye pembe mbili ambalo baadaye Jimi Hendrix alilifanya lijulikane dunia nzima.

Gibson wao ni kampuni ya mafundi wa mbao, ilianzishwa mwaka 1902. Walipoona Fender anauza, mwaka 1952 wakaja na Les Paul, waliloliita kwa jina la mpiga gitaa maarufu wa wakati huo. Hilo ndilo utamwona nalo Slash wa Guns N' Roses.

Kumbuka hilo: mmoja alifikiri kama fundi redio, wengine walifikiri kama maseremala. Tofauti karibu zote zinatokea hapo.

Jambo jingine. Wengi wetu hatununui Fender wala Gibson halisi, bei yake ni ya pikipiki. Tunanunua za familia zao za bei nafuu, yaani Squier ambayo ni ya Fender na Epiphone ambayo ni ya Gibson, au kopi tu zenye umbo hilo. Kwa hiyo nikisema "aina ya Fender" na "aina ya Gibson" nazungumzia umbo na ujenzi, na siyo jina lililoandikwa kichwani.

TOFAUTI MOJA BAADA YA NYINGINE

1. Pikapu. Siyo ile ya kubebea mkaa! Hii ni ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika, pikapu inageuza mtikisiko kuwa umeme, umeme unaenda kwenye amplifaya.

Pikapu ya Fender ina koili moja. Sauti yake ni kali, safi, inang'aa, kila uzi unausikia peke yake. Ubaya wake inanasa muungurumo wa umeme. Umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde, basi nyaya za ukutani, taa za tyubu, jenereta, vyote vinaingia humo: mmmmmm...

Ya Gibson ina koili mbili. Aliyeitengeneza ni fundi wao Seth Lover mwaka 1955, na kuanzia mwaka 1957 wakaziweka kwenye Les Paul. Ujanja wake ni huu: koili ya pili imegeuzwa, kwa hiyo muungurumo ukiingia kwenye zote mbili unajifuta. Sauti ya uzi haijifuti kwa sababu sumaku nazo zimegeuzwa. Unapata ukimya, na sauti nene, nzito, inayodumu.

2. Shingo. Ya Fender imefungwa kwa skurubu nne, na kichwa chake kimenyooka na shingo. Ikiharibika unafungua, unafunga nyingine. Ya Gibson imegundishwa kwenye mwili, na kichwa kimelala nyuma, nyingi kwa nyuzi kama 17. Mbao ni mahogani, na pale kichwa kinapokunja, nyuzinyuzi za mbao zinakatika fupi fupi. Tena hapo hapo wamechimba shimo la kurekebishia chuma cha ndani ya shingo. Yaani sehemu nyembamba kuliko zote ndiyo iliyochimbwa. Kiangushe chali uone!

3. Urefu wa nyuzi. Fender ni inchi 25 na nusu, Gibson inchi 24 na robo tatu hivi. Ni tofauti ya chini ya inchi moja, lakini vidole vinaijua. Kwa nyuzi za unene ule ule, za Fender zinakaza zaidi, za Gibson ni laini na rahisi kuzivuta.

4. Daraja. Stratocaster ina daraja la springi lenye mkono wa kutikisia sauti. Tamu, lakini uzi mmoja ukikatika springi zinavuta, na nyuzi zote zilizobaki zinatoka kwenye tyuni. Telecaster na Les Paul daraja lao halichezi, uzi ukikatika unamalizia wimbo na mitano.

5. Uzito. Les Paul nyingi zinafika kilo 4 na kuzidi. Stratocaster ni kama kilo 3 na nusu. Harusi ya kuanzia saa mbili usiku mpaka majogoo, bega litakwambia.

YALIYONIKUTA MWENYEWE

Mwaka 2006 tulikuwa vijana sita pale Kilosa, tunapiga kwenye maharusi na sherehe za shule. Tukachanga miezi saba tupate gitaa la maana. Nikatumwa mimi Kariakoo. Wenzangu walisema "gitaa zuri tu", hawakutaja aina. Mimi nikachukua la aina ya Les Paul, jeusi, kwa sababu lilifanana na la kwenye bango lililokuwa chumbani kwangu. Ndiyo sababu pekee, sidanganyi. Mfuko wake ulikuwa wa kitambaa.

Nikapitia Mikumi kwa mjomba ili alione, Jumamosi nikapanda basi kuja Kilosa, maana usiku tulikuwa na harusi. Kipindi hicho njia ile ilikuwa vumbi na mashimo. Gitaa nikaliweka nyuma ya kiti cha mwisho. Tulipofika Ulaya (siyo Ulaya ya akina Ronaldo, ni Ulaya yetu, kati ya Mikumi na Kilosa) basi likaingia shimoni, gunia la mpunga likaanguka. Nikasikia "ka!"

Nilijua kabla sijafungua. Kichwa kilikuwa kinaning'inia na nyuzi zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Miezi saba ya michango ya watu sita! Nimekaa kwenye lile basi nikitamani lisifike Kilosa.

Jioni mzee mmoja aliyewahi kupiga dansi zamani akatuazima lake la aina ya Stratocaster. Nikamshukuru, nikajua nimepona. Kumbe bado. Ukumbi ulikuwa na jenereta, na juu yetu wamefunga taa za tyubu. Nikichomeka waya tu: mmmmmm! Baba wa bibi harusi akauliza kama kuna mashine ya kusaga jirani. Wimbo wa tatu uzi ukakatika, gitaa zima likatoka kwenye tyuni. Nikasimama pale kama mgeni.

Lakini nilichokikumbuka zaidi ni hiki. Nilipolirekebisha tukaendelea, ile sauti kali ilipenya. Juu ya ngoma, vigelegele na jenereta, kila noti ilisikika mpaka nje kwa wapishi. Watu walicheza.

Siku moja ikanifundisha ubaya wa yote mawili. Deni la wenzangu nililipa kidogo kidogo, na baiskeli yangu ilikwenda humo humo. Wawili kati yao ilichukua muda kabla hatujasalimiana vizuri. Ndiyo maana yule kijana aliposema "nikikosea sina hela nyingine", sikucheka.

MUZIKI WETU UNATAKA NINI?

Sisi ni watu wa Mkoa wa Morogoro, hatuwezi kuongea gitaa tukawaruka wazee. Salum Abdallah na Cuban Marimba, mpaka ajali ilipomchukua mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, bendi iliyofika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na Januari 1979 naye akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa.

Sikiliza rekodi zao. Muziki wa dansi siyo gitaa moja. Kuna solo, kuna rithimu, mara nyingi kuna solo la pili, halafu besi. Kila moja lina njia yake, zinapishana kama watu sokoni. Magitaa yote yakiwa na sauti nene yanakanyagana, unasikia uji. Ndiyo maana dansi, sebene, na hata kwaya zetu nyingi zinataka sauti safi inayopenya. Hapo aina ya Fender iko nyumbani.

Ukitaka roki, ukitaka solo la kulia na kudumu huku umeweka mkwaruzo, aina ya Gibson haina mpinzani. Na kwenye ukumbi au kanisa lenye nyaya nyingi na taa nyingi, ule ukimya wake ni mali. Tena bendi ikiwa na magitaa mawili, moja la kila aina ni ndoa nzuri sana.

KABLA HUJATOA HELA

- Lishike kama bunduki, chungulia kwa jicho moja kutoka mwilini hadi kichwani. Shingo iliyopinda kama upinde au kujikunja kama parafujo, achana nayo.
- Aina ya Gibson: geuza nyuma ya kichwa, mulika kwa tochi. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, au rangi imepakwa upya hapo, huo ni mpasuko.
- Piga uzi kwenye freti ya 12, linganisha na uzi ule ule ukiwa wazi. Iwe sauti ile ile, ila ya juu. Kama haifanani, muulize muuzaji kama daraja linarekebishika, na akuonyeshe.
- Chomeka kwenye amplifaya. Zungusha kila kitufe, sogeza swichi. Mikwaruzo ni vumbi au ubovu. Geuka huku na huku chini ya taa usikie muungurumo.
- Usimalize hela yote kwenye gitaa. Weka ya waya, seti mbili za nyuzi na amplifaya ndogo. Gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao.
- Kwenye basi, legeza nyuzi kidogo, zungushia kichwa nguo, na ulipakate. Usimwachie konda.

Na likivunjika kichwa, usikimbilie gundi ya haraka ya dukani. Langu seremala wa Kilosa alilipaka gundi ya mbao, akalibana kwa vibanio, akaliacha mpaka likakauka kabisa. Kovu linaonekana, lakini mpaka leo linapiga.

KWA HIYO...

Kijana wangu wa Mikumi: utasafiri na basi, utapiga dansi na kwaya, nyuzi huku dukani ni za kubahatisha, na kasha gumu huna hela yake. Chukua aina ya Fender. Na kama utaikuta, chukua aina ya Telecaster, kwa sababu daraja lake halichezi. Ukikosa, chukua aina ya Stratocaster, mwambie fundi akaze springi za nyuma na kuweka kipande cha mbao ili daraja litulie. Kopi nyingi za sasa zina swichi ya sehemu tano. Jaribu ya pili na ya nne, kwenye nyingi muungurumo unapungua sana.

Aina ya Gibson chukua siku utakapokuwa na hela ya kasha gumu. Siyo siku moja kabla!

Huo ni mtazamo wangu mimi niliyevunjikiwa. Najua humu kuna wapigaji, na kuna watu wa Les Paul damu damu ambao wameshaanza kunuka hasira. Karibuni hapo chini mseme. Ila kijana anapanda basi la Dar Jumamosi asubuhi na laki tano na nusu yake mfukoni, na ameniahidi atapita kafe Ijumaa jioni kusoma mlichosema. Mwenye hoja aiweke kabla ya hapo.