Daraja lenye jina la mtu

Haya wadau, nilipotea kidogo, si mnajua tena mambo ya test. Leo nina stori ya daraja.

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kijidaraja cha magogo karibu na shule kilisombwa na mvua. Wiki nzima nusu ya wanafunzi wangu wa Form Two hawakufika. Nikauliza kijijini, nani alikijenga? Kila mtu akamtaja mwenzake.

Sasa juzi katika kujisomea nikakutana na daraja la Fabricius, kule Roma. Lilijengwa mwaka 62 K.K. na mpaka leo watu wanalipita kwa miguu kwenda kwenye kisiwa cha mto Tiber. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka 2,080! Lina urefu wa mita 62 hivi, matao mawili makubwa, na nguzo moja katikati. Juu ya nguzo hiyo kuna tundu lenye tao dogo. Mimi nilidhani ni pambo. Kumbe mto ukifurika, maji yanapita humo badala ya kulisukuma daraja.

Ila kilichonigusa zaidi ni maandishi. Lucius Fabricius, msimamizi wa barabara, alichongesha jina lake kwenye mawe, pande zote mbili, kwamba yeye ndiye aliyesimamia ujenzi na yeye huyo huyo ndiye aliyeukagua akaupitisha. Najua mtasema, ajenge mwenyewe, ajikague mwenyewe? Kweli, na bila shaka alitaka sifa. Majina ya waliobeba mawe hayapo. Lakini likianguka, hakuna kusingiziana. Mwaka 23 K.K. mto ulifurika, na mwaka 21 K.K. wakuu wawili wa dola, Marcus Lollius na Quintus Aemilius Lepidus, nao wakaongeza majina yao hapo hapo kuthibitisha kuwa daraja liko sawa.

Basi nikakumbuka kile kijidaraja chetu. Wazazi walikijenga upya Jumamosi moja, nami nilibeba magogo mawili. Hatukuandika jina la mtu yeyote, wala hatukupanga nani atakikagua kabla ya masika. Nadhani hapo tulikosea.

Haya, nakimbilia lecture. Nawasilisha.