Bunduki ya Mjomba Yaumbua Hadithi ya Ukoo

Kule Mgeta, milimani Uluguru, ukoo mmoja umetamba miaka na miaka: eti shotigani yao iliokotwa Waingereza walipoiteka Morogoro, Agosti 1916. Imepita toka mjomba hadi mpwa, si mnawajua Waluguru, urithi ni upande wa mama! Juzi mpwa kasugua kutu, kakuta namba. Sasa wadau, namba peke yake haitaji mwaka. Kila kiwanda kilihesabu bunduki zake, mwaka unasomwa kwenye daftari lake. Kilichosema ni chapa ya mtutu: taji na herufi BNP, alama ya wakaguzi wa Birmingham iliyoanza 1954. Vita ilikwisha 1918! Wazee wamenuna. Na mjomba aliitoa wapi? Hakuna anayethubutu kuuliza.