Moussaka, Maharagwe na Wakimbizi: Chakula cha Wagiriki Kilikotoka

Waliojenga hekalu la Parthenon huko Athens, kati ya mwaka 447 na 432 KK, hawakuwahi kuonja nyanya. Hawakujua mbatata, mahindi, pilipili hoho wala maharagwe ya aina tunayopika leo, maana mimea hiyo yote ilikuwa ng'ambo ya Atlantiki, ikilimwa na watu ambao Wagiriki hawakujua kama wapo. Hata biringanya, ambalo sasa limeenea katika mapishi yao, lilifika baadaye sana kutoka mashariki, likipitia mikononi mwa Waarabu. Kwa hiyo mgeni anayeketi kwenye taverna ya Plaka, chini ya kilima cha Acropolis, akaletewa moussaka, yaani biringanya na nyama ya kusaga zilizookwa, na kuambiwa kuwa hicho ni chakula cha kale, ajue kwamba Socrates angekishangaa kama yeye.

Chakula cha Mgiriki wa zamani kilikuwa shayiri kwanza, kisha zeituni, tini, dengu, jibini, divai, na samaki kwa aliyeweza kumnunua. Nyama ililiwa zaidi siku za kafara. Hata hivyo vipo vyakula viwili ambavyo msafiri anaweza kuvila leo akiwa na uhakika wa ukale wake, na ushahidi wa vyote viwili unaonekana katika kisiwa cha Santorini. Mji wa Akrotiri ulifunikwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Wachimbuzi walipoufukua walikuta punje za jamii ya dengu ambayo hadi leo wenyeji wa kisiwa huisaga na kuipika rojo nzito ya manjano, wakaitilia mafuta ya zeituni na vitunguu juu. Jina lake ni fava. Walikuta pia vibao vya mawe vilivyochongwa mapengo, jozi kwa jozi, vya kulazia vijiti vya nyama juu ya makaa. Basi mishikaki ya Wagiriki, souvlaki, ina nasaba ndefu kuliko hekalu lolote la Athens.

Mengi ya yaliyobaki ni mageni. Waathens husimulia kwamba nyanya za kwanza za nchi hiyo zilipandwa mwaka 1818 katika bustani ya watawa Wakapuchini, karibu na mnara wa Lysicrates. Hapo ndipo mshairi Lord Byron alipowahi kupanga chumba miaka michache kabla. Mbatata nazo zina kisa chao. Ioannis Kapodistrias, mtawala wa kwanza wa Ugiriki huru, aliwasili Nafplio mwaka 1828 na kukuta nchi imechakazwa na vita. Inasemekana aliwapa watu mbegu za viazi wakazidharau. Akaamuru zirundikwe bandarini na kuwekewa walinzi, watu wakadhani ni mali ya thamani, wakaziiba zote usiku, na walinzi wakajifanya hawaoni. Kisa kama hicho husimuliwa Ufaransa na Ujerumani juu ya watu wengine, kwa hiyo kipokee kama kisa. Lililo hakika ni kwamba Kapodistrias alihimiza kilimo hicho, na kwamba aliuawa mlangoni pa kanisa huko Nafplio mwaka 1831, kabla hajala matunda ya kazi yake.

Wagiriki wengi wakiulizwa chakula cha taifa lao hutaja fasolada. Ni maharagwe meupe yaliyochemshwa na karoti, seleri, kitunguu na nyanya, yakamiminiwa mafuta ya zeituni bila uchoyo. Mpishi wa Tanga angeuliza nazi imekwenda wapi. Maharagwe yametoka Amerika, nyanya imetoka Amerika, na bado hakuna kilicho cha Kigiriki zaidi. Sababu yake ni kanisa.

Kanisa la Orthodox lina siku nyingi za mfungo, karibu nusu ya mwaka kwa anayezifuata zote. Katika Kwaresima nyama hailiwi, maziwa hayanywewi, mayai hayaguswi, na samaki huruhusiwa siku mbili tu. Lakini pweza, ngisi na kombe hawahesabiwi kuwa na damu, kwa hiyo ni halali. Ndiyo maana Mgiriki ni hodari wa pweza, na ndiyo maana kuna jamii nzima ya mapishi ya mboga yanayoiva polepole ndani ya mafuta: bamia, njegere, maharagwe mabichi, artichoki. Mapishi hayo huitwa ladera. Msafiri anayefika mwezi wa Machi akidhani atakuta meza zimepwaya kwa mfungo atakuta kinyume chake.

Moja kati ya siku mbili za samaki ni tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, ambayo pia ni siku ya kuadhimisha vita vya uhuru vya 1821. Siku hiyo nchi nzima hula bakaliaros: samaki wa maji baridi ya Atlantiki ya kaskazini, aliyetiwa chumvi na kukaushwa kama ng'onda, akalowekwa, akachovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa, kisha akaliwa na skordalia, yaani kitunguu saumu kilichopondwa na viazi au mkate. Ajabu ni kwamba nchi yenye visiwa kwa maelfu inasherehekea uhuru wake kwa samaki ambaye hapatikani katika bahari yake. Ila kwa kijiji cha mlimani, kabla ya barafu na malori, samaki mkavu ndiye pekee aliyeweza kufika salama.

Meli za Waingereza zilizoleta samaki huyo Patras ziliondoka na zabibu kavu, zile ndogo nyeusi. Zabibu zikawa uhai wa taifa. Mdudu wa filoksera alipoteketeza mizabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1870, Wafaransa walinunua zabibu kavu za Ugiriki ili watengeneze divai, na wakulima wa Peloponnese wakang'oa hata mizeituni ili wapande mizabibu. Kisha mizabibu ya Ufaransa ikapona, ushuru ukapandishwa, na mwaka 1893 bei ikaanguka. Mwaka huohuo Waziri Mkuu Charilaos Trikoupis alitangaza kwamba serikali imefilisika. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka miaka iliyofuata, wengi kwenda Marekani. Wapo pia Wagiriki waliofika Tanganyika na kulima katani na kahawa.

Tukio lililobadilisha meza ya Ugiriki kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa la watu kuingia. Tarehe 9 Septemba 1922, mwishoni mwa vita kati ya Ugiriki na Uturuki, jeshi la Uturuki liliingia Smyrna, bandari tajiri ya Asia Ndogo ambayo leo ni Izmir. Siku 4 baadaye moto ulizuka, na mitaa ya Wagiriki na Waarmenia ikateketea huku watu wakisongamana gatini, moto nyuma yao na bahari mbele. Januari 1923, huko Lausanne, serikali za Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu, na kipimo kilikuwa dini. Wakristo wa Orthodox waliokuwa hawajui neno la Kigiriki walipelekwa Ugiriki. Waislamu wa Krete waliozungumza Kigiriki walipelekwa Uturuki. Ugiriki, nchi yenye watu kama milioni 5, ikapokea wakimbizi zaidi ya milioni 1. Vitongoji vyao vikapewa majina ya makwao yenye neno "mpya" mbele: Nea Smyrni, Nea Ionia.

Walifika na vyungu vyao na ulimi wao. Mapishi ya Athens ya wakati huo yalikuwa makavu kidogo. Ya Smyrna na Istanbul yalikuwa ya watu wa miji mikubwa ya biashara, yaliyojaa jira, mdalasini, pilipili manga na karanga za kila namna. Onja soutzoukakia utaelewa: nyama ya kusaga iliyovingirishwa kama vidole vinene, ndani yake jira na kitunguu saumu, ikaiva katika mchuzi wa nyanya na divai. Huko Thessaloniki walifungua maduka ya bougatsa, chapati nyembamba mno zilizokunjwa na kujazwa jibini au krimu, zikakatwakatwa zikiwa za moto. Wenyeji hawakuwakaribisha vizuri. Waliwaita mbegu za Waturuki, wakacheka harufu ya vyakula vyao, kisha taratibu wakaanza kuvinunua. Upande wa pili wa bahari, huko Ayvalık, Waislamu waliotolewa Krete nao waliendelea kuchuma mboga za porini na kuzipika kwa mafuta ya zeituni, majirani wakiwashangaa.

Si kila mtu alizifurahia harufu hizo. Nikolaos Tselementes, mwenyeji wa kisiwa cha Sifnos aliyejifunza upishi Vienna, alianza kuchapisha jarida la mapishi mwaka 1910, na kitabu chake kikaingia katika karibu kila nyumba ya mjini. Hadi leo Mgiriki akitaka kitabu chochote cha mapishi hukiita kwa jina lake. Tselementes aliamini kwamba Waturuki waliuharibu upishi wa Wagiriki. Alipunguza viungo, alipunguza kitunguu saumu, alipendelea siagi kuliko mafuta ya zeituni, na alidai kwamba Wafaransa walikuwa wamerithi upishi wao kwa Wagiriki wa kale, kwa hiyo kuwaiga ni kurudi nyumbani. Moussaka, ambayo Waarabu na Waturuki waliipika bila mchuzi mweupe, yeye aliifunika kwa blanketi la bechamel: maziwa, siagi na unga, likachomwa juu hadi likawa la dhahabu. Moussaka hiyo, yenye umri wa miaka kama 100, ndiyo inayouzwa Plaka kama ya kale. Ni tamu, sikatai. Lakini imebeba hoja ya kisiasa ndani yake, na hoja yenyewe ilikuwa mbovu.

Kisha ikaja njaa. Wajerumani waliingia Athens tarehe 27 Aprili 1941, wakachukua akiba ya chakula. Waingereza nao walikuwa wameizingira bahari ili adui asipate kitu. Majira ya baridi ya 1941 na 1942 watu walianguka mitaani. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba waliokufa kwa njaa katika kipindi chote cha kukaliwa ni kama 300,000. Uturuki, adui wa juzi, ilituma meli ya Kurtuluş na shehena za vyakula, na shirika la Oxfam lilianzishwa Oxford mwaka 1942 kwa sababu ya njaa hiyo. Waliopona waliponea mkate wa mahindi uitwao bobota, na horta, mboga chungu za porini zilizo jamii moja na mchunga wetu. Wazee wengi walioishi miaka ile hawakutaka tena kuiona bobota. Horta walizisamehe, huchemshwa, zikatiwa limau na mafuta, na huliwa kila taverna.

Hapo ndipo wanasayansi walipoingia. Mwaka 1948 wachunguzi wa Rockefeller Foundation waliokwenda Krete walikuta watu wanaoishi kwa mkate, mboga, dengu na zeituni, na wengi wao walitaka nyama zaidi. Mmarekani Ancel Keys, katika utafiti wake wa nchi 7 ulioanza 1958, aliona kwamba wanaume wa Krete hawafi kwa moyo kama Wamarekani. Umaskini wao ukageuka kuwa dawa ya matajiri, na mwaka 2010 UNESCO ikauweka ulaji wa Mediterania katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Saladi ya horiatiki, nyanya, tango, kitunguu, zeituni na kipande cha feta juu, ilivuma na watalii wa miaka ya 1960. Zama za kale haikukosa nyanya tu, haikuwepo kabisa. Feta yenyewe, jibini la maziwa ya kondoo yasiyochanganywa na ya mbuzi kupita asilimia 30, jina lake lilipiganiwa mahakamani na Denmark na Ujerumani hadi mwaka 2005, Ugiriki ikashinda.

Msafiri, basi, fuata majira. Horiatiki ni ya Julai na Agosti; Januari agiza fasolada na horta. Ukiwa Athens, panda treni hadi Nea Ionia utafute soutzoukakia kabla ya kuhangaika na moussaka ya Plaka. Na kama huli nguruwe, uliza kwanza: souvlaki na gyros (nyama inayochomwa ikizungushwa) za Ugiriki kwa kawaida ni za nguruwe. Za kuku huitwa kotopoulo.