Majina ya violesura vya mtandao katika Unix

Kiolesura cha mtandao ni mlango wa kompyuta kuelekea mtandaoni, uwe kadi ya waya, ya Wi-Fi, au wa kuundwa na programu tu. Katika mifumo ya jamii ya Unix kila mlango una jina fupi, na jina hilo ndilo msimamizi wa seva analoandika anapoweka anwani ya IP au kanuni za ukuta wa moto. Unix husifiwa kwa kugeuza kila kitu kuwa faili, ila kadi ya mtandao ya Linux huitafuti ndani ya /dev, saraka ya faili za vifaa, ukaiona.

Mifumo ya BSD huita kiolesura kwa kiendeshi chake, kisha namba kuanzia sifuri: em0 ni kadi ya Intel, re0 ya Realtek, bge0 ya Broadcom. Jina linakutajia kadi, lakini ukibadilisha kadi kwa ya kampuni nyingine, jina nalo linabadilika. Solaris ilifuata desturi hiyohiyo hadi toleo la 11, la mwaka 2011, lilipoleta net0, net1 na kuendelea.

Linux ilichagua eth0, eth1, kwa zamu ya kadi kugunduliwa na kerneli. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Seva yenye kadi mbili, moja ya intaneti na nyingine ya ofisini, ingeweza kuwashwa upya na majina yakapishana. Kanuni za ukuta wa moto zikawa zinalinda upande usiohitaji ulinzi. Baadaye udev, programu ya Linux ya kusimamia vifaa, ikaanza kuhifadhi jina pamoja na anwani ya MAC kwenye faili. Ilisaidia, mpaka kadi ilipokufa: mpya ilipewa eth2, huku eth1 ikiendelea kushikiliwa na marehemu.

Januari 2013, toleo la 197 la systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, lilianza kutaja kadi kwa mahali ilipo. Katika enp3s0, en ni Ethernet, p3 ni basi la PCI namba 3, s0 ni nafasi ya 0. Kadi iliyomo kwenye ubao mama huwa eno1. Za Wi-Fi huanza na wl. Mtego mmoja: amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vya PCI, huandika namba kwa heksadesimali, jina huandikwa kwa desimali, kwa hiyo kadi ya 0a:00.0 ni enp10s0. Lipo pia enx likifuatwa na tarakimu 12 za MAC, jumla herufi 15, ambazo ndizo kikomo cha jina katika Linux. Wasiopenda majina haya, nao si wachache, huwasha kerneli kwa net.ifnames=0.

Kuviorodhesha violesura, ifconfig ya tangu 4.2BSD ya mwaka 1983 bado inatumika. Kwenye Linux, ip link imechukua nafasi yake. Kujua jina ni la tundu lipi nyuma ya seva, andika ethtool -p eno1 na taa ya kadi itamweka. Kadi isiyokubali, chomoa kebo uone kwenye ip link ni jina gani limeandikwa NO-CARRIER.