Waliopewa Wakatumwa

Mwaka wa Yubile tumezoea kuhesabu makanisa na shule, na kumshukuru Mungu. Yatupasa pia kukumbuka Injili ilifika kwetu kwa miguu ya nani.

Katika Maandiko Matakatifu twaona ya kuwa Mungu ambarikiye mtu humtuma. Ibrahimu alibarikiwa ili mataifa yote wapate baraka kwake. Yona alipokimbia asiende Ninawi, alirudishwa. Hata kanisa la Antiokia lilianzishwa na watu waliotawanywa na mateso baada ya kufa kwake Stefano, wala majina yao hayakuandikwa. Nalo lilipokuwa lingali changa, liliwatoa Barnaba na Paulo, walimu wake hodari, likawatuma mbali.

Mambo ya Dayosisi yetu ya Masasi, iliyoanza mwaka 1926, yafanana na hayo. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa Misioni ya UMCA alifika Unguja, na Sultani akampa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Mwaka 1876 Askofu Steere alisafiri na watu waliokombolewa utumwani, akiwarudisha bara. Nao wakajenga Masasi. Hata mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara wakawashukia. Nyumba zikachomwa moto, watu wakauawa, na wengine waliokwisha kuonja uhuru wakatekwa tena. Walakini kazi haikuachwa. Miaka minne baadaye Cecil Majaliwa, naye aliyekuwa mtumwa, alikwenda kufundisha Chitangali, kwa Wayao wenzake. Na mwaka 1890 akawekwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika Misioni ile.

Tufikiri, ndugu zetu. Watu hao walinyang'anywa wazazi, kwao na lugha yao. Nani angaliwalaumu kama wangalikaa Unguja kwa amani? Lakini walijua ya kuwa neema waliyopewa ni amana, na amana haifichwi sandukuni.

Basi kanisa lipokealo tu bila kutuma limesahau lilivyozaliwa. Enyi waalimu, na ninyi wazazi, akitokea kijana aliye tayari kwenda kufundisha mbali na kwao, tusimzuie. Tumfungie mzigo wake, tumwombee, naye aende.